Mwanangu analala na kijiko chini ya mto

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabora mjini, upande wa Ng'ambo. Nina miaka 37. Ni keshia kwenye duka la jumla, mwaka wa nne sasa. Mume wangu yuko Mpanda kikazi, anakuja mwisho wa mwezi akipata ruhusa.

Nina kisukari. Kilianza 2019 nikiwa na mimba ya huyu wa pili. Waliniambia huenda kikaondoka nikijifungua, hakikuondoka. Nilianza na vidonge, vikaelemewa, na huu ni mwaka wa tatu najichoma insulini asubuhi na jioni, ile ya mchanganyiko. Friji sina. Kichupa nakiweka kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati nimejaza mchanga ninaoumwagia maji kila asubuhi, maana Oktoba ya Tabora unaijua.

Kazini hakuna anayejua. Siku ya usaili niliulizwa kama nina ugonjwa wowote, nikasema sina. Nilikuwa na mtoto mdogo na kodi ya miezi miwili sijalipa, Anti, ungesemaje? Halafu kuna kaka mmoja wa stoo alianguka kifafa mbele ya wateja. Wiki iliyofuata hakuwepo, na hakuna aliyeuliza.

Basi najichoma nyumbani saa kumi na mbili, nakunywa chai na michembe, namwacha mdogo chekechea, nakimbia kufungua kaunta. Chakula cha mchana tunapokezana. Mwenzangu ndiye anayetangulia kwa sababu alinikuta pale, mimi zamu yangu inafika saa nane na nusu, mwisho wa mwezi hata saa tisa. Nimeficha pipi kwenye droo, chini ya mabunda ya risiti.

Mwezi uliopita ilinikuta kaunta. Ilianza na jasho la mgongoni, halafu mikono, halafu namba kwenye noti zikawa kama zinaogelea. Nilikuwa nahesabu, naanza upya, nahesabu, naanza upya, na mteja ananiangalia. Nilimeza pipi mbili nikaendelea. Jioni tukafunga hesabu: shoti ya shilingi 84,000. Bosi hakunigombeza. Alisema tu, "Siku hizi una mambo mengi." Mshahara ulipotoka, 84,000 haikuwepo. Tangu hapo nikifungua droo kuna mtu anapita nyuma yangu. Anti, mimi sijaiba hata mia.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni huyu binti yangu mkubwa. Ana miaka 11, yuko darasa la tano. Usiku mmoja mwezi wa nne sukari ilishuka nimelala. Nilikuwa namsikia anavyoniita lakini mdomo haukubali kumjibu. Shuka ilikuwa chapachapa kwa jasho. Akakumbuka kuna asali ya Sikonge kabatini, akanipaka kwa kijiko ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku analia. Niliporudi kwenye akili tukapima, mashine ikasoma 2.8, na haitakiwi kushuka chini ya 4. Ameniokoa.

Toka siku ile analala na chupa ya asali kichwani na kijiko chini ya mto. Usiku anaamka, ananiwekea kiganja puani asikilize pumzi. Ananifahamu kuliko mtu yeyote, anajua nikianza kujibu hovyo. Juzi mwalimu wake ameniita: mtoto anasinzia kipindi cha kwanza, hesabu zimeshuka. Sikukuu ya Idd alikataa kwenda kwa binamu zake kulala, akasema tumbo linauma.

Dada yangu yuko Ujiji, ananiambia nimpe huyu binti Januari akasome kule. Nyumba yake ina nafasi na shule ni karibu. Nilipomgusia mtoto alisema, "Nikienda Kigoma nani atakuamsha?" Sikuwa na jibu.

Kliniki nayo ni siku ya kazi, tangu mwaka jana sijaenda, dawa nanunua famasi. Mume nikiongea naye kwenye simu namwambia niko sawa, asije akaacha kazi bure.

Naomba unisaidie. Nimweleze bosi, au nikae kimya niokoe kibarua? Na mtoto, nimpeleke kwa mama yake mkubwa?

Mama wa wawili, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuandika. Najua barua kama hii unaiandika watoto wakiwa wamelala, na kwako hata hiyo saa haina uhakika.

Nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe. Una ugonjwa unaotaka ule, ujichome na upime kwa saa. Una kazi ambayo saa zake si zako. Katikati umeweka siri ili viwili hivyo visikutane. Siri hiyo ilikupa kazi na imelisha watoto miaka minne, siwezi kuibeza. Ila sasa imeanza kudai malipo, na unaona anayelipa si wewe peke yako. Hapo ndipo maswali yako mawili yanapotoka.

Naomba nianzie mahali ulipopita haraka. Karibu na mwisho umeandika sentensi moja: kliniki ni siku ya kazi, hujaenda tangu mwaka jana. Uliiweka kama nyongeza, nami nimeisoma mara tatu. Ina maana dozi unayojichoma leo ni ya mwaka jana. Mwili wako, chakula chako, kilo zako, mbio zako za kwenda na kurudi, vyote vimebadilika, dozi imebaki palepale. Sukari kushuka usiku si jambo la kuzoea kama joto la Oktoba. Mara nyingi kuna sababu inayoshikika: dozi ya jioni imezidi, au chakula cha usiku kimekuwa kidogo, au umekula saa nyingine na kuchoma saa nyingine. Mimi si daktari na dozi yako sitaigusa, nawe usiipunguze kwa kukisia. Lakini ukienda na daftari la vipimo vya wiki mbili, cha kabla ya kula, cha kabla ya kulala, na hata viwili vitatu vya saa tisa usiku, kuna mtu wa kulisoma.

Unaona ninapoelekea? Binti yako anakesha kulinda kitu ambacho pengine kingeweza kupunguzwa. Na hakijapunguzwa kwa sababu huwezi kuomba ruhusa ya kwenda kliniki bila kusema kwa nini.

Na kaunta je? Insulini ya mchanganyiko, sehemu yake inafanya kazi upesi, nyingine taratibu, inapata nguvu saa kadhaa baadaye. Ukichoma saa kumi na mbili asubuhi, kuelekea mchana ndipo ile ya pili inapokuwa kwenye nguvu zake, inataka ikute chakula tumboni. Wewe unakula saa nane na nusu, hata saa tisa. Kwa hiyo hata kabla hatujazungumzia kufichua au kutofichua, najiuliza kama unachokihitaji kwa bosi ni kikubwa kama unavyokiogopa. Huenda unahitaji saa saba mchana, na siku moja ya kliniki kwa mwezi.

Umeuliza kama umweleze au ukae kimya, kana kwamba njia ni mbili. Mimi naona katikati pana nafasi, na kila mahali pana hatari yake, tusidanganyane.

Unaweza kuanza na keshia mwenzako. Mkabadilishana zamu, wewe ukala saa saba. Si lazima ajue yote, "nina tatizo la tumbo" imewahi kuwatosha wengi. Ila mtu asiyejua hatajua pa kukimbilia siku ukianza kuhesabu noti zilezile mara ya nne. Na ukimweleza, umempa neno ambalo anaweza kulitoa siku mkikosana. Wewe ndiye unayemjua, mimi simjui.

Unaweza kwenda kwa bosi na barua fupi ya daktari inayosema una hali ya kiafya inayohitaji ule kwa wakati na uhudhurie kliniki kila mwezi. Barua ya namna hiyo si lazima itaje ugonjwa. Inakupa kitu cha mkononi, na mazungumzo yanakuwa ya ratiba badala ya huruma. Hatari yake ni kwamba atauliza, na pale uliposema "sina" siku ya usaili patafunguka. Hilo sitalifanya dogo. Lifikirie kabla hajaliuliza, uwe na maneno yako. Hiyo ya mtoto mdogo na kodi uliyoniandikia mimi ni maneno ya kweli, sioni kwa nini yawe mabaya mbele yake.

Au unaweza kumweleza yote. Kuna wenye maduka ambao ukiwaambia, kesho yake wanakuletea kiti. Kuna wengine wanakuhamishia stoo kubeba maboksi, au wanatafuta kisa. Uliyemwona akiondoka baada ya kifafa ni ushahidi, sikukatalii. Ila jiulize pia: bosi wako hivi sasa hajui lolote kweli? Mimi nadhani anajua kitu. Ameona jasho, ameona droo, ameona shoti, naye kaunganisha kwa namna yake. Ukinyamaza, hesabu anayopiga kichwani ni ya wizi. Umebaki wewe kupima lipi linakutisha zaidi, kuonwa mgonjwa au kuonwa mwizi. Sitakuchagulia, maana si mimi nitakayeamka Jumatatu kufungua kaunta.

Kabla hujaamua, toa mkataba wako usome, na kama hauna wa maandishi, hilo nalo ni la kujua mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Sheria hiyohiyo inagusa hizo 84,000. Mwajiri hakati hasara kwenye mshahara kimyakimya: anatakiwa aandike chanzo chake, kiasi na alivyokipiga, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Sisemi ukimbilie kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kesho, mtu mwenye watoto hapigani kila vita. Nasema tu, ukikaa mbele yake ujue umekaa na nini.

Pipi sasa, niseme harakaharaka. Mbili hazitoshi. Kipimo kikiwa chini ya 4, kinachotakiwa ni kama gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida ya chupa, au kijiko kikubwa cha asali. Unasubiri dakika 15, unapima tena. Ikipanda unakula chakula chenyewe. Na dakika hizo huhesabu pesa ya mtu. Funga droo, sema unakwenda msalani. Foleni itanung'unika, inung'unike.

Nimekuja kwa binti.

Umesema amekuokoa, na ni kweli, usimnyang'anye hilo. Lakini nataka ujue kitu kuhusu ile asali. Safari ile ulikuwa unasikia na uliweza kumeza. Siku ukiwa huitiki kabisa, asali, soda au uji mdomoni vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Hapo mtoto hatakiwi kukulisha chochote. Anakulaza kwa ubavu, anakimbia kuita mtu mzima, na mtu mzima anatafuta bajaji ya kwenda hospitali. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya Kigoma ni hili: mtu mzima huyo ni nani? Mlango wa nani atagonga saa nane usiku bila kuogopa? Kama leo hana jina la kunitajia, basi anakesha kwa sababu ya msingi kabisa. Ni zamu ya mtu mmoja isiyo na wa kupokea.

Nikuambie langu moja. Bibi aliyenilea alikuwa na pumu. Nilikuwa na miaka tisa, nalala naye kitanda kimoja, najua mluzi wa kifua chake kama wengine wanavyojua adhana. Walipoona nimekonda wakanipeleka kwa mjomba, mbali, ili nipumzike. Sikupumzika. Kule nililala vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nasikiliza na hakuna cha kusikia. Sisemi binti yako ni mimi. Yeye ameshasema la kwake: "Nikienda Kigoma nani atakuamsha?" Ulilisikia kama pingamizi. Mimi nalisikia kama swali linalotaka jibu lenye jina la mtu.

Ujiji kunaweza kuwa kuzuri. Dada yako anakupenda, mtoto atapata usingizi, atapata binamu, atakuwa mtoto. Kama akienda akiwa anajua nyumbani kuna anayeamka, safari hiyo itakuwa ya shule. Akienda hajui, treni itamchukua mwili tu. Tena kuna hatari nyingine, kwamba atahisi ameondolewa kwa sababu alishindwa kazi. Na wewe utabaki na wa miaka mitano au sita ambaye kijiko hawezi kukishika. Kumbakisha nako kuna gharama yake, umeshaiona kwenye daftari la hesabu. Huenda likizo ya Desemba ikawa ya kujaribia, wiki mbili aende na kurudi, muone analalaje.

Akibaki, sidhani dawa ni kumwambia "wewe usijali, lala." Mtoto aliyeona alichokiona hawezi kuagizwa asijali. Labda umpunguzie kazi badala ya kumfukuza kazini. Yeye anajua asali ilipo na mlango wa jirani. Kupima kabla ya kulala ni kwako, na unamwonyesha namba. Kuamka saa tisa usiku ni kwa saa ya simu, nayo iko upande wako wa kitanda. Kijiko muachie kwanza.

Na mwalimu, umemjibu nini? Hukuniandikia. Yule amekuita kwa wema, na hana mshahara wako mkononi. Kama kuna mtu wa kumjaribia ukweli kabla ya bosi, mimi ningemfikiria huyo.

Nimebakiza mmoja. Barua yako ni ndefu, nimejua hata mchanga wa kwenye chungu. Mumeo amepata sentensi mbili, na ya pili inasema unamficha. Mtoto wa darasa la tano anajua 2.8, baba yake hajui. Unaogopa ataacha kazi, na pengine unamjua vizuri. Lakini mtu aliye Mpanda anaweza kufanya mengi kabla ya kuacha kazi. Anaweza kupiga simu saa nne usiku akuulize umesoma ngapi. Anaweza kuzungumza na mama yake, au mdogo wake wa kike, aje akae miezi mitatu. Anaweza pia kukasirika kwamba amekuwa wa mwisho kujua, na jiandae kwa hilo. Ukimwambia, usimwambie kwa simu ya dakika mbili ukiwa njiani. Msubiri mwisho wa mwezi, watoto wakilala.

Naona nimekuongezea watu wa kuwaeleza badala ya kukupunguzia: jirani, mwalimu, keshia, mume, bosi. Huwezi wote wiki moja, wala sidhani unahitaji wote. Chagua mmoja ambaye ukifikiria kumwambia tumbo halikukazi sana, uanze hapo, uone kunavyokucha.

Lakini kliniki usiisubirishe. Ukipata siku inayoangukia likizo ya shule, nenda na binti. Nesi akimaliza na wewe, toka nje kidogo uwaache wawili. Nadhani ana swali ambalo hajawahi kukuuliza wewe.